Nchi ya mawe inayonenepesha ng'ombe

MSOMAJI mpenzi, leo naanza na kitendawili. Tega!

Kuna mahali ambapo ardhi ni mawe matupu ya kijivu, kilima baada ya kilima. Mvua hunyesha huko karibu kila wiki lakini mito haionekani. Maziwa huja na kuondoka kama wageni. Na baridi inapoanza, wakati wafugaji wa kwingineko Ulaya wanawateremsha ng'ombe mabondeni, wafugaji wa huko huwapandisha wao vilimani. Ng'ombe hao hukaa juu ya mawe miezi yote ya baridi, kisha hushuka wakiwa wazima na wanono.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Vyema, nimekwenda Ireland, kaunti ya Clare, nikala, nikanywa, na jibu nimerudi nalo.

Nina sababu ya kukupeleka mbali hivyo. Wengi wetu tulisoma habari za mawe shuleni kwa kukariri. Tulitaja aina tatu za miamba, tukachora vishale, tukapata alama zetu na kuyasahau yote kabla ya likizo kwisha. Hakuna aliyetukalisha chini akatueleza kwamba jiwe lililo chini ya nyayo zako lina usemi kuhusu maji utakayokunywa, mahali utakapofuga, na paa utakaloezekea nyumba. Wala hatukuambiwa kwamba ukilipuuza, kuna mtu atakayeugua.

Clare inafundisha somo hilo vizuri kwa sababu huko jiwe halikujificha chini ya udongo. Liko wazi kama mbavu za ng'ombe wakati wa kiangazi.

KAUNTI YENYEWE

Clare iko magharibi mwa Jamhuri ya Ireland, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Kaskazini imepakana na ghuba ya Galway. Upande wa mashariki na kusini imezungukwa na mto Shannon, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Ireland. Mji wake mkuu ni Ennis. Sensa ya mwaka wa 2022 ilihesabu zaidi ya watu 127,000 katika kaunti nzima, na ukitoka mjini sehemu kubwa ni malisho, mashamba na vijiji.

Kwa upande wa mawe, unaweza kuigawa Clare mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vilima vya mashariki, viitwavyo Slieve Bernagh na Slieve Aughty. Huko ndiko kuliko na mawe ya kale zaidi, baadhi yake yakiwa na umri unaopita miaka milioni 420. Kilele kirefu kuliko vyote katika kaunti, Moylussa, kiko huko. Kina mita 532 tu. Kwa mtu aliyezoea kuuona Mlima Kenya asubuhi, hicho ni kichuguu! Lakini usikidharau. Mto Shannon hupenya katika pengo la vilima hivyo vigumu, halafu hushuka takriban mita 30 kabla ya kufika mji wa Limerick. Mteremko huo ndio uliotumiwa kujenga kituo cha umeme cha Ardnacrusha, kilichofunguliwa mwaka wa 1929, Ireland ikiwa na miaka saba tu tangu ianze kujitawala.

Fungu la pili liko kaskazini. Ni nchi ya mawe ya chokaa iitwayo Burren, jina litokanalo na neno la Kiayalandi lenye maana ya mahali penye mawe. Hiyo ndiyo nchi ya kitendawili chetu.

Fungu la tatu liko magharibi na kusini magharibi. Ni mawe yaliyotokana na tope na mchanga. Huko ndiko kwenye magenge maarufu ya Moher, yaliyosimama wima juu ya bahari hadi kimo cha mita 214.

JIWE LILILOZALIWA IKWETA

Sasa sikiza ajabu. Mawe ya chokaa ya Burren yalianza maisha yake karibu na Ikweta.

Ardhi ya dunia haikutulia mahali pamoja. Imekatika vipande vikubwa kama mabamba, na mabamba hayo husogea polepole mno. Mwendo wake ni sentimita chache kwa mwaka, karibu sawa na ukucha wako unavyokua. Lakini ukimpa konobobo miaka milioni mia tatu, atafika popote. Yapata miaka milioni 340 iliyopita, kipande cha ardhi ambacho leo tunakiita Ireland kilikuwa karibu na Ikweta, kimefunikwa na bahari yenye joto, kina kifupi na maji maangavu.

Bahari hiyo ilijaa uhai. Kulikuwa na matumbawe, kombe wa kila namna, na wanyama wa jamii ya kiti cha pweza waliosimama sakafuni mwa bahari juu ya vishina vyao, mithili ya maua. Viumbe hao walipokufa magamba yao yalirundikana. Rundo likaongezeka, likagandamana, likawa jiwe. Hata leo mtoto wa Clare anaweza kupitisha kidole juu ya ukuta wa shamba la baba yake akaligusa tumbawe la bahari iliyotoweka.

Jambo hili lisimshangaze mtu wa pwani yetu. Kuta za Fort Jesus kule Mombasa, na za nyumba nyingi za kale za Lamu, ni za mawe ya matumbawe vile vile. Tofauti ni umri. Matumbawe ya pwani ya Kenya ni ya juzi katika hesabu ya mawe, kwani hayajafikisha hata miaka milioni moja. Kwa jiwe la Burren, jiwe la Mombasa ni kitukuu cha kitukuu.

Baadaye, yapata miaka milioni 320 iliyopita, mito mikubwa ilileta tope na mchanga katika bahari hiyo na kuyafunika mawe ya chokaa. Tope likawa jiwe jeusi linalomeguka kama chapati zilizopangwa. Mchanga ukawa jiwe gumu la rangi ya kahawia. Ukisimama Moher unaona tabaka hizo zimepangana, moja juu ya nyingine. Bahari inazila kutoka chini, na mara kwa mara kipande cha genge huporomoka.

Karibu na hapo, katika kijiji cha Liscannor, huchimbwa mabamba ya mawe yaliyojaa michirizi iliyopindapinda. Michirizi hiyo ni njia za viumbe wadogo waliotambaa juu ya tope siku ambayo haikuwa na binadamu wa kuihesabu. Watu wa huko walitandika mabamba hayo sakafuni na kuezekea nyumba. Isitoshe, wataalamu wa mafuta kutoka nchi mbalimbali huja Clare kuyatazama magenge haya, kwa sababu tope na mchanga wa aina hiyo, ukiwa umezikwa chini ya bahari kwingineko, ndio unaohifadhi mafuta. Hapa wanaweza kuuona mchana kweupe bila kuchimba shimo.

MAJI YANAYOTOROKA

Tofauti ya mawe haya mawili, la tope na la chokaa, ndiyo inayogawa maisha ya watu wa Clare.

Jiwe la tope halipitishi maji. Mvua ikinyesha hubaki juu. Ardhi huwa kinamasi, hujaa majani ya matete, na mimea iliyokufa hurundikana bila kuoza vizuri. Mboji hiyo nyeusi watu waliikata kwa vizazi vingi, wakaianika na kuiwasha mekoni badala ya kuni. Ng'ombe akiingia huko wakati wa baridi atazama hadi magotini.

Jiwe la chokaa nalo halikatai maji. Mvua inapopita hewani na ardhini hubeba gesi ya kaboni na kuwa asidi dhaifu sana, dhaifu kuliko soda unayomnunulia mtoto Jumapili. Hata hivyo, asidi hiyo hulitafuna jiwe la chokaa kidogo kidogo. Huingia katika ufa, huupanua, huteremka na kuchimba njia chini kwa chini. Ndiyo maana sakafu ya Burren imekatikakatika kwa nyufa ndefu, nyingine zikiwa na kina cha kummeza mtu mzima hadi kifuani.

Kwenye kilima kiitwacho Slieve Elva mawe haya mawili hukutana. Juu kuna jiwe la tope na vijito vinavyotiririka kama kawaida. Kila kijito kikifika mpakani, kikaligusa jiwe la chokaa, hutumbukia shimoni na kutoweka. Katika Burren nzima ni mto mmoja tu, Caher, unaotiririka juu ya ardhi kutoka chanzo chake hadi baharini kule Fanore.

Mito mingine yote iko chini, gizani. Pango la Pollnagollum chini ya Slieve Elva limepimwa zaidi ya kilomita 14. Katika pango la Doolin, lililogunduliwa mwaka wa 1952, kuna mchirizi wa chokaa unaoning'inia kutoka darini wenye urefu wa zaidi ya mita saba. Umefanywa na matone ya maji tu, kila tone likiacha chembe ya chokaa kabla ya kudondoka.

Mapango hutunza siri pia. Mwaka wa 1903 wachunguzi walichimbua mifupa ya wanyama katika pango moja karibu na Ennis, ikahifadhiwa na kusahauliwa. Miaka zaidi ya 100 baadaye mfupa mmoja, pia ya goti la dubu, ulichunguzwa upya. Ulikuwa na alama za kisu cha jiwe. Mwaka wa 2016 wataalamu walitangaza kwamba dubu huyo alichinjwa yapata miaka 12,500 iliyopita. Wakati huo tangazo hilo liliirudisha nyuma historia ya binadamu nchini Ireland kwa miaka 2,500. Yote hayo kutokana na goti moja sandukuni!

Sasa turudi kwa yale maziwa ya kitendawili. Watu wa huko huyaita turlough. Mvua ikizidi, maji ya chini hupanda kupitia mashimo na kufurika bondeni. Kwa wiki chache unaona ziwa lenye bata. Mvua ikipungua, maji hushuka kupitia mashimo yale yale, na mwenye shamba huwarudisha ng'ombe kwenye majani mabichi. Hakuna mto ulioleta maji hayo wala mto ulioyaondoa.

Lakini, msomaji, kuna hatari ndani ya uzuri huu. Udongo mzito huyachuja maji kama kitambaa cha chai. Jiwe la chokaa lenye nyufa halichuji kitu. Samadi iliyomwagwa ovyo kilimani, au maji machafu ya choo kilichojengwa vibaya, yanaweza kusafiri kilomita kadhaa chini ya ardhi kwa siku chache tu na kutokea kwenye chemchemi ya mtu mwingine yakiwa machafu vile vile.

Wakazi wa Ennis wanalijua hilo. Maji ya mji wao hutoka kwenye chemchemi za Drumcliff, zinazolishwa na mawe ya chokaa. Kati ya mwaka wa 2005 na 2009 walipitia vipindi virefu vya kuonywa wachemshe maji ya mfereji kabla ya kunywa, kwa sababu ya vijidudu vinavyoharisha. Nchi tajiri, mji safi, mifereji kila nyumba, na bado mama alimchemshia mtoto maji. Jiwe halikujali utajiri wa mtu.

BARAFU NA SHOKA

Utaniuliza, je, udongo wa Burren ulikwenda wapi?

Sehemu ya jibu ni barafu. Katika enzi za baridi kuu, mito mizito ya barafu ilipita juu ya nchi hiyo ikiikwangua kama panga linavyokwangua muhogo. Ilipoyeyuka, yapata miaka 15,000 iliyopita, iliacha mawe makubwa yamekaa peke yake juu ya sakafu ya chokaa. Baadhi yake ni ya graniti na yaliletwa kutoka ng'ambo ya ghuba ya Galway. Ukiyaona unaweza kudhani jitu fulani lilikuwa likicheza bao, likaitwa ghafla.

Lakini barafu haikumaliza kazi yote. Baadaye miti ilirudi. Wataalamu waliochunguza chavua ya kale iliyohifadhiwa katika matope ya maziwa wamegundua kwamba misonobari na miti mingine iliota Burren. Kulikuwa na udongo wa kuishikilia.

Ndipo wakaja wakulima, yapata miaka 6,000 iliyopita. Kumbukumbu yao kubwa ni kaburi la Poulnabrone, bamba zito la chokaa lililoinuliwa juu ya mawe yaliyosimama. Wachimbaji wa mambo ya kale walilifukua mwaka wa 1986 na 1988, wakakuta mifupa ya watu zaidi ya 30, wakubwa kwa watoto. Mifupa ya shingo na mabega ya baadhi yao ilikuwa imeharibika kwa namna inayoonyesha watu waliobeba mizigo mizito maisha yao yote. Hawakuwa wavivu hata kidogo.

Watu hao na wajukuu wao walikata miti, wakalima na kuchunga. Udongo ulikuwa mwembamba, umelala juu ya jiwe lililojaa nyufa. Mizizi ilipoondoka, mvua iliuchukua udongo na kuuteremsha mashimoni. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya uchi wa Burren ilitokana na mkono wa binadamu. Na udongo uliotumbukia katika ufa haujarudi hadi leo, maelfu ya miaka baadaye.

Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu. Kwa Burren wamekuja hadi vitukuu, na bado majuto yapo.

NG'OMBE JUU YA MAWE

Mwaka wa 1651, wakati wa vita vya Cromwell, afisa wa Kiingereza aitwaye Edmund Ludlow alipita Burren na jeshi lake. Aliieleza kama nchi isiyomfaa askari hata kwa kazi ya kuua, kwa jinsi ilivyokosa maji, miti na udongo. Lakini afisa huyo huyo alikiri kwamba ng'ombe wa huko walikuwa wanono. Hakuamini macho yake.

Siri iko katika jiwe. Wakati wa kiangazi jiwe la chokaa hufyonza joto la jua mchana kutwa, kama jiko la mawe linavyobaki na moto baada ya mkaa kuzimika. Baridi inapokuja, jiwe hulitoa joto hilo polepole. Upepo wa Atlantiki nao si mkali wa kugandisha. Kwa hiyo nyasi zilizo katika nyufa huendelea kumea karibu mwaka mzima. Isitoshe, pale juu hapana matope, kwani maji yameshatoroka. Ng'ombe analala mahali pakavu, hapati magonjwa ya kwato, na hali chakula cha kununua.

Kwa hiyo mwezi wa Oktoba au Novemba, mfugaji hupandisha ng'ombe wake mlimani, naye huwashusha mnamo Aprili. Utaratibu huu ni wa zamani sana, na umeleta faida ambayo hata wafugaji wenyewe hawakuipanga. Ng'ombe wakila majani makavu wakati wa baridi, kisha wakiondoka kabla ya maua kuchipuka, maua hupata nafasi na mwanga. Ndiyo sababu Burren, nchi ya mawe, ina zaidi ya asilimia 70 ya aina za mimea ya asili ya Ireland. Mwezi wa Mei unaweza kuliona ua la buluu la milima ya Alps limeota hatua mbili kutoka kwa ua la nchi za joto za Mediterania. Ni kama kukuta mnazi umeota kando ya mianzi ya Aberdare!

Ila katika miaka ya baadaye ya karne ya 20, wafugaji wengi walianza kuacha utaratibu huo. Walishauriwa wafuge kisasa, wawafungie ng'ombe mabandani na kuwalisha sileji. Ng'ombe wakaacha kupanda, na vichaka vikaanza kufunika vilima na kuyanyima maua mwanga. Aliyedhani kwamba kuyaondoa mifugo ndiko kuyalinda mazingira akagundua amekosea.

Mwaka wa 2005 ulianza mpango wa kuwasaidia wafugaji warudie malisho ya mlimani, nao ulifadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya. Baadaye mfugaji alilipwa kulingana na hali ya malisho yake. Mkaguzi alilitembelea shamba na kutoa alama hadi kumi, mithili ya mwalimu, na kadiri alama zilivyopanda ndivyo malipo yalivyoongezeka. Mzee aliyeitwa mshamba kwa kufuata mila ya babu yake, sasa akalipwa kwa kuijua.

MLIMA ULIOWAGAWANYA NDUGU

Usidhani mambo yote yalikwenda kwa amani. Mwaka wa 1991 serikali ilitangaza mpango wa kujenga kituo cha watalii chini ya mlima Mullaghmore, mlima mzuri ambao tabaka zake zimepindika kama mkeka uliokunjwa.

Wengi walifurahi. Clare ilikuwa imewapoteza vijana wengi waliohamia Uingereza na Marekani kutafuta kazi, na hapa ajira ilikuwa ikiwafuata nyumbani. Wengine walipinga. Waliuliza, je, mabasi yote hayo yatapita wapi? Na choo cha maelfu ya wageni kitamwaga uchafu wapi, katika jiwe lisilochuja maji?

Majirani waliacha kusalimiana. Ukimhukumu yeyote kati yao utakuwa umemwonea, kwa sababu mzazi anayemtafutia mwanawe kazi ana haki, na anayelinda chemchemi ya mwanawe pia ana haki. Kesi ilifika mahakamani, na mwaka wa 1993 majaji waliamua kwamba idara ya serikali iliyokuwa ikijenga haikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Mvutano uliendelea hadi mwaka wa 2000, ombi la mwisho lilipokataliwa. Kilichokuwa kimejengwa kikabomolewa.

Watalii hawakukoma kuja. Wageni wa mbuga ya Burren huanzia kijijini Corofin, mbali kidogo na mlima, kwenye maduka na mikahawa ya wenyeji. Tangu mwaka wa 2015 Burren na magenge ya Moher zimo katika orodha ya UNESCO ya maeneo yenye mawe ya thamani duniani.

TUSILITWIKE JIWE KILA MZIGO

Kabla sijafunga, nikuonye kidogo. Ni rahisi mtu akishayajua mawe kudhani kwamba mawe ndiyo yaliyoamua yote. Sivyo.

Mwaka wa 1841 Clare ilikuwa na watu zaidi ya 286,000. Miaka kumi baadaye walibaki takriban 212,000. Katikati ilipita Njaa Kuu, iliyoanza mwaka wa 1845. Ugonjwa uliharibu viazi, chakula cha maskini, lakini ugonjwa haukubomoa nyumba. Katika eneo la Kilrush, magharibi mwa kaunti, maelfu ya watu walifukuzwa na wenye mashamba kwa kushindwa kulipa kodi, njaa ikiwa imewashika koo. Hilo halikufanywa na jiwe la tope wala la chokaa. Lilifanywa na watu waliovaa viatu vizuri.

Jiwe hutoa masharti yake, nasi huamua tutaishi vipi na jirani chini ya masharti hayo.

Basi leo jioni, mzazi, mwulize mwanao kitendawili hiki, kisha mtoke nje pamoja. Kama mnaishi Nairobi, mtazameni jiwe la kijivu la ukuta wenu. Mwambie lilitoka katika volkeno. Kama mko Mombasa, mkitafuta katika ukuta wa zamani mtaona tumbawe. Halafu muulizane swali la watu wa Ennis: maji tunayokunywa yametoka wapi, yamepita katika jiwe gani, na kuna nani huko juu anayechimba choo? Kisima cha pwani kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe kina tabia ile ile ya Burren. Kinapokea kila kitu, hakichuji.

Na wewe mwanafunzi, siku mwalimu atakapoandika ubaoni maneno "mawe ya chokaa", usikimbilie kukariri. Mkumbuke yule ng'ombe wa Clare, amelala mlimani usiku wa Desemba, mgongo wake ukipigwa na upepo na tumbo lake likiota joto la jua la Julai.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.